Ndege Wanne wa Ukumbi wa Lufubwe

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, Esnart Jere alifungua mlango wa nyuma wa ukumbi wa ustawi wa Lufubwe, akafagia jukwaa, akaiweka ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kivulini chini ya ngazi, kisha akayatoa mavazi ya ndege sandukuni na kuyatundika kwenye kamba. Kulikuwa na baridi ile ya Juni inayowafanya wajane wa migodini wavae makoti ya marehemu waume zao. Kina mama walifika watatu, kila mmoja na kigoda chake. Bana Chola, yaani mama yake Chola, ndiye aliyekuwa na tepu ya fundi cherehani, kwa hiyo alianza yeye.

Alilipima vazi la korongo mabega, kifua na urefu wa mikono. Aliandika namba kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha, akazilinganisha na za mwaka jana.

"Mabega yameongezeka nusu inchi," alisema. Kisha akazigeuza ncha za mikono na kuziangalia kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nyeupe, hazina doa. "Bado hajapata kazi."

"Kula anakula, lakini," alisema Bana Lombe. "Tazama hilo tumbo."

"Tumbo la mwanangu liache."

"Nimeliacha. Nasema tu linaonekana toka barabarani."

Esnart aliyashona mavazi hayo mwaka 1984, kwa magunia ya unga na mashuka ya hospitali, akayabandika manyoya ya kweli. Yalikuwa manne: kanga, jogoo, bundi na korongo. Yalikuwa ya watoto wanne, wa miaka kumi na kumi na mmoja, na watoto hao walikufa siku ya mazoezi ya mwisho, kabla hawajayavaa mbele ya watu. Mwaka uliofuata Esnart alilitoa la kanga ampe mtoto mwingine, akakuta pindo limeshuka vidole vinne na mshono wenyewe si wake. Akalipeleka kwa mama yake Mwila, ambaye ndiye angekuwa kanga. Mama huyo alilipima ukutani, pale alipokuwa akiweka alama za urefu wa mwanawe, akasema ni sawasawa, mtoto alikuwa ameanza kurefuka haraka. Tangu hapo wakawa wanapima kila Juni.

Kwa njia hiyo kina mama walipata habari. Vazi la jogoo lilianza kunuka tumbaku mwaka 1991, na mwaka uliofuata likawa na grisi ya mashine za chini ya ardhi, na Bana Lombe akajua mwanawe ameingia mgodini kama baba yake. Vazi la kanga lilianza kupanuka kiunoni, likapanuka mwaka mzima, na Juni iliyofuata wakakuta kando yake kivazi cha kifaranga, kidogo cha kuenea mkono mmoja. Bana Mwila alikibeba akazunguka nacho kitongoji kizima. Vazi la bundi lilikonda miaka miwili, na mwaka 1996 wakalikuta limejikunja lenyewe, mikono kifuani. Mama yake bundi alilichukua akalizika kando ya lile kaburi la kwanza, na hakuja tena kupima.

Watu wa Lufubwe walikuwa hawashangai. Tangu mgodi uuzwe, kitu cha kushangaza kilikuwa mtu kupata kazi.

Esnart alikuja Lufubwe mwaka 1974 akitokea Chipata, msichana wa miaka ishirini na miwili, ameajiriwa na idara ya ustawi ya mgodi kufundisha kina mama kufuma vitambaa vya meza. Alifundisha wiki tatu. Wiki ya nne aliwakuta watoto chini ya jukwaa wakicheza mazishi, na walikuwa wamegawana kazi vizuri kuliko watu wazima: kulikuwa na mchungaji, mjane, shemeji mwenye tamaa, na maiti iliyokuwa inakatazwa kucheka. Esnart akakaa chini kuwatazama. Hakurudi kwenye vitambaa.

Baada ya hapo ikawa Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi alasiri, mwaka baada ya mwaka. Aliwafundisha watoto wa wachimbaji kusema ili kiti cha mwisho kisikie, kusimama kimya bila kujikuna, na kuanguka bila kuumia. Mpaka leo watu wazima wa Lufubwe wakiteleza kwenye matope huanguka kwa madaha, na wakiwa zahanati humweleza daktari kwa sauti ya kiti cha mwisho magonjwa ambayo hata kiti cha kwanza hakikupaswa kuyasikia. Mwanamume mmoja wa reli alikuja kumposa Esnart mara mbili. Mara zote mbili alimkuta amevaa mkia, na safari ya tatu hakuja. Mgodi ulipouzwa, idara ya ustawi ilifutwa kwa siku moja. Esnart alibaki na ufunguo wa ukumbi kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumdai, akaendelea kama kawaida.

Bwawa la matope ya mgodi liko nyuma ya kitongoji, na ukuta wake ni wa udongo, mrefu kuliko kanisa. Ijumaa ile ya mwaka 1984 barabara ya juu ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mabomba, na Esnart aliwaambia watoto, "Kesho piteni chini ya ukuta, msinicheleweshe." Ukuta ulikuwa umevuja wiki tatu, na wachimbaji walikuwa wamesema. Jumamosi saa tisa unusu ulipasuka.

Ripoti ya kampuni ilikuwa na kurasa mbili. Ilisema marehemu waliingia mahali palipokatazwa, wakapita kibao cha onyo kilichosimama waziwazi kando ya njia. Kibao kilikuwepo kweli: ubao mwekundu wenye maandishi meupe, HATARI, HAKUNA NJIA HAPA. Jumatatu Esnart alikwenda bwawani, akateleza kwenye matope, akakishika kibao asianguke. Alipouondoa mkono, kiganja kilikuwa chekundu kwa rangi mbichi.

Akaenda nacho polisi. Inspekta alikitazama kile kiganja, kisha akamtazama yeye.

"Mama, wewe si ndiye unayechezacheza na rangi kule ukumbini?"

Alikwenda na kwa mkuu wa wilaya, naye akamwambia, mama, kibao kipo, hata wewe mwenyewe unasema umekishika. Esnart akanawa kwa mafuta ya taa, maana Jumatano alikuwa na watoto wengine wa kuwashika mikono. Alijuta baadaye kwamba alinawa.

Miaka ikapita, na watu wakaanza kukikumbuka kibao. Wa kwanza walikuwa wale waliokuwa hawapiti njia ile. Kisha wakafuata waliokuwa wanaipita kila siku. Mwishowe Bana Chola mwenyewe akawa anasema, "Nilikuwa namwambia kila asubuhi, Chola, baba, ukikiona kile kibao geuza." Alikuwa akisema hivyo na kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Zamani Esnart alikuwa akimkatiza. Siku hizi alikuwa anamwacha amalize.

Halafu mwaka 2009, Esnart akiwa anabandika manyoya, aliikumbuka ile Ijumaa, akajiona anapita chini ya ukuta na kapu lake kichwani, na kando ya njia kibao kimesimama, chekundu. Aliweka sindano chini. Akajaribu kukumbuka upya, toka mwanzo, na kibao kikawa bado kipo. Kama kilikuwepo Ijumaa, basi yeye ndiye aliyewapitisha watoto wanne mbele yake. Aliogopa siku hiyo kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alihitaji mtu mmoja aseme kwamba hakikuwepo, aseme kabla kumbukumbu yake mwenyewe haijamgeuka kabisa. Na mtu huyo alikuwa anakuja ukumbini kila siku saa kumi kunywa chai yake.

Kapembwa alikuwa fundi rangi wa kampuni. Kazini alikuwa akiandika vibao, na jioni, kwa kupenda tu, alikuwa akimchorea Esnart mapazia ya mandhari: mito, masoko, jua la kuchomoza. Yeye ni Mbemba na Esnart ni Mngoni, na kwetu hao ni watani. Wanaruhusiwa kutukanana msibani, kanisani na mbele ya hakimu, na asiyecheka ndiye mwenye makosa.

"Umefika, mla nyani?"

"Nimefika, mla panya. Hii ni chai au ni mchuzi wa mikia?"

Katika miaka yote hiyo Esnart alimuuliza habari ya kibao mara moja tu bila utani. Kapembwa alitazama chini na kusema, "Mimi ni wa kuandika, Ba Jere. Wa kusoma ni wengine." Alikuwa anakaa nyumba ya kampuni, na mke na wajukuu saba. Kila mwaka kabla ya mvua alipewa kopo la rangi nyekundu na kopo la nyeupe, akaenda kukifufua kibao.

Agosti ya mwaka 2011 afisa uhusiano wa kampuni alikuja ukumbini. Aliitwa Chitalu, kijana wa Lufubwe hapohapo, na mwaka 1990 aliwahi kuwa mti katika mchezo wa Esnart. Alikuwa mti mzuri, hakujikuna.

"Ba Tisha," alisema, kama alivyozoea kumwita mwalimu wake, "kampuni inataka mchezo wa watoto kwa Siku ya Usalama. Kuhusu wale ndege wanne."

"Kuhusu nini chao?"

"Walivyokipuuza kibao. Ili watoto wa leo wajifunze." Akaangalia juu, ambako palikuwa na tundu la kupita ng'ombe. "Na paa tutaliezeka lote."

"Tutacheza," alisema Esnart.

Chitalu alikuwa amejiandaa kumbembeleza, akabaki na maneno yake mdomoni.

Saa kumi Kapembwa alipokuja, Esnart alimmiminia chai na hakumtania.

"Kuna sehemu yako kwenye mchezo."

"Mimi? Ya nani?"

"Ya Kapembwa, fundi rangi. Utasema ulikichora lini."

Kapembwa alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nikisema hayo watanitoa kwenye nyumba."

"Ukisema barabarani watakutoa. Nani aliwahi kutolewa nyumbani kwa maneno ya jukwaani?"

Akaweka kijiko chini. Alikuwa na miaka sitini na saba, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kila ilipokuwa haijashika brashi.

"Jukwaani naweza," alisema.

Siku ya Usalama ilikuwa Oktoba, joto limefunga, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Watoto kumi na wawili walicheza wakiwa na mavazi mapya. Yale ya zamani yalikuwa nyuma ya pazia, kwenye kamba yake. Ndege wanne walikwenda njiani wakiimba, ukuta ukapasuka kwa ngoma mbili na bati, wakaanguka vizuri sana. Kisha Esnart akatokea yeye mwenyewe, kifuniko cha sufuria kichwani, kama watani wanavyotokea msibani, akamvuta Kapembwa kwa mkono hadi katikati ya jukwaa.

"Mtazameni Mbemba huyu!" alisema kwa sauti ya kiti cha mwisho. "Wenzake wote huweka onyo halafu ndiyo maiti. Yeye huanza na maiti!"

Ukumbi ukalipuka.

"Sema, mla nyani. Watoto walikufa siku gani?"

"Jumamosi," alisema Kapembwa.

"Na kibao ulikichora siku gani?"

"Jumapili."

"Mbemba hana kalenda!" mtu alipiga kelele toka dirishani, na watu wakagongana mabega.

"Nani alikuja kwako?"

"Msimamizi alinikuta natoka kanisani. Ana ubao na makopo mawili." Kapembwa alikuwa haangalii watu, alikuwa anaangalia mikono yake. "Akasema chora sasa hivi. Nikachora. Akasema kinaonekana kipya mno, kizeeshe. Nikakisugua kwa matope. Palikuwa hapana matope mengine, Ba Jere. Nilikisugua kwa yaleyale."

Hapo akalia. Alilia kama wanavyolia wazee wa kiume, bila ufundi, kamasi likimtoka, mabega yakimpanda. Watu walisimama kwenye viti kumpigia makofi. "Mzee, kipaji chote hicho ulikificha wapi?" alipiga kelele Bana Lombe. Chitalu alikuwa anafuta macho kwa tai. Bana Chola alikuwa amemwegemea jirani yake, anampiga paja, hoi kwa kucheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mwaka 1984, na Esnart, amesimama pale na kifuniko kichwani, hakuwa na moyo wa kumnyang'anya kicheko hicho.

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Mngoni akimsema Mbemba mbele ya watu, kinachosikika ni utani, hata aape kwa mama yake. Angempa maneno yaleyale Mlamba yeyote, ambaye si mtani wake, ukumbi ungekaa kimya na mtu angeita polisi. Lakini alikuwa ameishi na desturi hiyo toka utoto, na hakufikiri kwamba ukweli nao ungekaa humohumo ndani yake na kukosa mlango.

Jumatatu walikwenda wote wawili ofisini kwa Chitalu. Esnart alimwambia wamekuja kuandikisha maelezo. Kwamba ilikuwa kweli.

"Ba Tisha, na wewe!" Chitalu alianza kucheka upya. Akafungua mlango na kuwaita wa chumba cha pili. "Njooni, njooni, mzee arudie."

Wakaja watu sita. Kapembwa alimtazama Esnart, na Esnart akamwashiria kwa kichwa akubali, maana labda mmoja kati ya sita angeandika. Kapembwa akarudia. Alipofika kwenye matope alilia tena, palepale, kwa sababu hapo ndipo machozi yalipokuwa yamezoea kutokea. Wakapiga makofi. Mhasibu alisema ameipenda hii kuliko ya ukumbini, maana hapa unauona uso. Walipotulia, Chitalu alikumbuka jambo, akafungua kabati na kumkabidhi Kapembwa makopo mawili. Mvua zilikuwa zimekaribia.

Paa likaezekwa. Mchezo ukawa wa kila mwaka. Mwaka wa tatu watoto wa shule walikuwa wanayajua maneno ya Kapembwa kwa moyo, wakawa wanayasema pamoja naye, ukumbi mzima, *nilikisugua kwa yaleyale*, na kulia kwa mzaha kabla yeye hajalia. Mwaka wa tano, wakiwa wawili tu na chai yao, Esnart alimuuliza, "Kapembwa, niambie mimi. Ulikisugua kweli?"

Kapembwa alifikiri kwa uaminifu, uso umekunjamana.

"Ndivyo tunavyosema," alijibu.

Alikufa Februari iliyofuata. Esnart alitimiza wajibu wa mtani. Alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akaonja chai ya msibani na kuuliza kama ni mchuzi wa mikia, mpaka mjane akacheka. Kulikuwa na watu waliomwomba aseme na yale ya Jumapili. Hakusema.

Baada ya mazishi alirudi nyumbani, akaketi kitandani na koti bado mwilini, na fikra moja ikamjia ambayo hakuwahi kuwa nayo. Idara ya vibao ilikuwa Kapembwa peke yake. Hakuna mwingine aliyejua kazi ile, wala aliyekuwa akiyauliza makopo ya kabatini. Kibao kingefifia.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi alikuwa akienda bwawani na fimbo yake kukitazama. Mvua za kwanza ziligeuza wekundu ukawa rangi ya mchuzi uliozidi maji. Mvua za pili ziliondoa herufi mbili za mwanzo za HATARI na neno zima la HAKUNA, na NJIA ikabaki haina kilichoikataza. Esnart alirudi nyumbani siku hiyo akiimba kwa pua. Alikuwa na furaha, na aliijua sababu yake. Nyumbani alijaribu kuikumbuka Ijumaa, na kibao katika kumbukumbu nacho kilikuwa kimefifia. Baada ya miezi kadhaa palibaki nguzo tu, na baadaye majani, na yeye anapita na kapu lake chini ya ukuta, hakuna kitu kando ya njia. Watu wengine nao wakaanza. "Hivi," aliuliza Bana Lombe siku moja wakiwa kisimani, "kile kibao kilikuwa upande wa kulia au wa kushoto?"

"Unakumbuka kilikuwa wapi?" Esnart alimuuliza polepole.

"Sasa nikikuuliza wewe si ndiyo kwa sababu sikumbuki?"

Aliamini kwamba bado msimu mmoja tu kisahaulike kabisa.

Msimu huo wa tatu ulinyesha sana, mpaka njia ya bwawani ikakatika na hakuweza kwenda kuanzia Januari hadi Mei. Siku ya mwisho ya Mei alikwenda. Kibao kilikuwa chekundu kabisa. Herufi zilikuwa nyeupe, kubwa, zimekazwa kwa uangalifu, na haukuwa mkono wa Kapembwa. Zilikuwa zimepandishwa juu ya mistari ya penseli, kama wanavyoandika watoto wa darasa la tano. Esnart alikigusa. Kiganja kikatoka chekundu.

Alikwenda kwa Chitalu, ambaye sasa alikuwa na kitambi na msaidizi. Chitalu alisema hapana, kampuni haijatuma mtu, lakini ni jambo la kushukuru, kuna watu bado wana moyo wa kujitolea. Akaandika kwenye daftari kwamba kibao kiko katika hali nzuri.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Esnart alifagia jukwaa, akaweka ndoo ya munkoyo, akayatundika mavazi bila kuyatazama, maana hakuwa amelala vizuri. Kina mama walifika na vigoda vyao. Bana Chola alikuwa anakaribia miaka themanini na tepu alikuwa akiisoma kwa kuileta puani. Alipima mabega. Alipima kifua. Aligeuza ncha za mikono kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaweka tepu chini.

Ncha zote mbili zilikuwa nyekundu, na kifuani palikuwa na tone jeupe. Bana Chola alizinusa.

"Rangi ya mafuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jamani. Jamani, njooni mninusie. Hii si rangi?"

Bana Lombe alinusa, Bana Mwila akanusa.

"Ni rangi," alisema Bana Lombe. "Na si ya dukani. Wekundu huu wanao kampuni tu."

"Amepata kazi!" Bana Chola alikaa chini pale pale jukwaani na vazi mapajani. "Miaka thelathini na mitano! Chola wangu amepata kazi ya kampuni!"

Wenzake wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa jipya. Walimkumbatia, wakamvisha shali begani, wakaanza kumtania kwamba sasa atanona, kwamba atawasahau, kwamba aulize kama huko wanaajiri na wa miaka sabini. Bana Mwila alilala chini ubavu kwa ubavu na kupiga makofi, kama wazee wanavyoshukuru kwa mfalme. Bana Chola alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anazibusu ncha za mikono, midomo inakuwa myekundu.

"Ba Jere, ni wewe," alisema. "Ni wewe uliyemfundisha kukaa sawasawa na kufanya kitu mpaka kiishe. Wengine walisema maigizo ni upuuzi. Mungu akubariki."

Esnart alikuwa ameuficha mkono wake kwenye mfuko wa aproni. Alijua kazi hiyo ni ipi. Alijua kwamba mtoto alikuwa anakipaka, kwa juhudi zote alizomfundisha, kile kibao kinachosema yeye mwenyewe ndiye mwenye makosa, na kwamba angekipaka kila mwaka, na angekuwa anaendelea siku ambayo hakuna hata mmoja wao atakayekuwa hai wa kumweleza. Alitaka kuyasema yote. Yalimuuma, kwa sababu alikuwa amempenda mtoto yule. Akamtazama Bana Chola pale chini, na shali yake begani, akayameza.

"Hongera, Bana Chola," alisema.

Akawamiminia munkoyo. Wakanywa, wakapima jogoo na kanga na kifaranga, ambaye sasa alikuwa na ukubwa wa mtu mzima. Walipokuwa wanafunga tepu, Bana Chola alikuwa na ombi moja. Alisema si vizuri mfanyakazi wa kampuni atembee na brashi mkononi kama mtu wa kibarua. Kama Ba Jere ana kipande cha shuka, amshonee mfuko.

Esnart alikuwa nacho. Alitunga uzi, akakaa ukingoni mwa jukwaa, akaushona mfuko upande wa kulia wa vazi, kwa mishono midogo ya kudumu, kwa kuwa Chola alikuwa akitumia mkono wa kulia.